Saluni

Tuliikuta Tabata, nyuma ya gereji, imekalia matofali:
Mark Two ya mwaka tisini na nane,
ubavu wa kushoto umebonyea kama sufuria ya shughuli,
namba ya nyuma inaning'inia kwa skrubu moja.
Mwenye mali alitaka milioni mbili.
Mshamu akaingia chini, akagonga difu kwa spana, akasikiliza,
akatoka na vumbi kwenye kope:
"Moja na nusu. Na matofali tunakuachia."

Mimi nilikuwa nimeshachora.
Daftari la hesabu la binti yangu, kurasa nne za mwisho:
pua ndefu, mgongo mfupi, viti viwili,
bila paa, bila milango, bila buti la kutia gunia la mkaa.
Mke wangu aliutazama mchoro muda mrefu,
kisha akauliza masika nitayaambia nini.

Siku ya kuivua ngozi, pale uani kwetu Buza,
chini ya zulia tukakuta utepe mwekundu,
punje za mchele, chengachenga za karatasi ya dhahabu,
kibanio cha nywele, stakabadhi ya ukumbi wa Mbagala.
Kumbe ilikuwa ikibeba maharusi.
Wangapi, nikasema, na wangapi bado wako pamoja?
Mshamu hakujibu. Alikuwa anahesabu nyaya.

Tukachukua injini, gia boksi, difu, usukani, breki.
Bomba mraba tulinunua Buguruni.
Mshamu alichomelea usiku,
na kila akigusa chuma, runinga za mtaa mzima zilikonyeza,
mpaka Bi Zaituni akapaza sauti ukutani:
"Tuacheni kwanza tumwone mwizi anakamatwa!"

Bati alilikunja Likwena wa Gerezani,
ambaye tangu ujana anatengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni.
Alifumba jicho moja juu ya mchoro wangu.
"Kona naijua," akasema. "Hii yako haina kona hata moja."
Siku ya tisa akaleta pua ya gari, begani, kama mtoto wa ndugu.
Hadi leo ukiigonga
inalia kama tranka siku ya kufungua shule.

Viti ni vya Keko. Faraji, fundi wa makochi,
alipima makalio yangu kwa futi kamba bila kucheka,
akauliza: na meza ya kati je?

Nisiseme ilifika milioni ngapi.
Kitu rahisi kina ndugu wengi,
na wote walikuja kula kwangu.

Jumapili, kabla hakujapambazuka vizuri, tukaisukuma nje.
Iliwaka mara ya tatu.
Barabara ya Nyerere ilikuwa tupu, lami iko shibiri moja na kiuno,
mdudu akaingia kinywani mwa Mshamu, akammeza, akaendelea kucheka.
Sikujua kasi yetu. Mshale wa spidi ulibaki sifuri,
waya wake niliusahau kwenye ndoo.

Pale Tazara afande akanyoosha mkono.
Akaizunguka mara mbili.
Nikampa kadi, akaisoma kwa sauti, kama anaita mahudhurio:
"Toyota. Mark Two. Nyeupe. Saluni. Abiria watano."
Akatazama bati jekundu, viti viwili,
sisi wawili, nywele zimesimama.
"Saluni," akarudia. "Naona mmeinyoa kweli."
Kisha, akiangalia huku na huku,
akaomba akae kidogo.
Akashika usukani kwa mikono miwili, akanyamaza
hadi taa zikabadilika mara tatu.
"Kesho mkabadili kadi," akasema akishuka. "Nisiwaone tena hivi."

Bado sijabadili. Foleni, ada, fomu, kesho.

Mabaki tuliyauza kwa kilo,
isipokuwa kiti cha nyuma. Bi Zaituni alikiomba,
kiko barazani kwake, kimeegemea ukuta, mikanda imo.
Jioni nikirudi nawakuta wamekikalia,
yeye, wajukuu wawili, mama muuza vitumbua, na binti yangu na daftari lake,
wamebanana, hawaendi popote,
watano, kama kadi inavyosema.